Laxton: Kijiji cha Kiingereza ambako wakulima bado hutozana faini

Mwishoni mwa Novemba kila mwaka, wakati baridi imeanza kuuma na mashamba yamejaa tope, kundi la wakulima hukusanyika katika kijiji cha Laxton, kwenye kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Huwa wamevaa mabuti ya mpira, wamebeba vigingi vya mbao na nyundo. Hawaendi kujenga uzio. Wanakwenda kulikagua shamba la ngano, ngwe baada ya ngwe, ili wajue kama yupo jirani aliyelima akapita mpaka wake.

Akipatikana, jina lake huandikwa. Wiki moja baadaye hutajwa mbele ya wenzake na kutozwa faini. Wala hana sababu ya kuona kwamba ameonewa na wakubwa, kwa maana waliomkagua ni wakulima kama yeye, na mwakani huenda zamu ya kuwakagua wao ikawa yake.

Desturi hiyo ina umri wa karne nyingi. Zamani ilikuwepo katika maelfu ya vijiji vya Uingereza. Leo Laxton ndicho kijiji pekee nchini humo ambacho bado kina mashamba ya wazi yanayolimwa kwa utaratibu wa kale na baraza lenye nguvu ya kisheria ya kuyasimamia. Historia yake inaeleza jinsi Mwingereza wa mashambani alivyotawaliwa, jinsi alivyojitawala, na tofauti iliyopo baina ya mambo hayo mawili.

Kijiji na kitongoji chake

Laxton iko si mbali na mji mdogo wa Ollerton, katika wilaya ya Newark and Sherwood. Kwa hesabu za serikali, kijiji hicho kimeunganishwa na kitongoji cha Moorhouse, na pamoja huitwa parokia ya Laxton and Moorhouse. Moorhouse ni nyumba chache zilizotawanyika kando ya barabara nyembamba, pamoja na kanisa dogo lililojengwa katika karne ya 19.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atakayepita Laxton atagundua jambo moja upesi. Sehemu nyingi za Uingereza nyumba ya mkulima husimama peke yake katikati ya ardhi yake, imezungukwa na miti na nyua. Hapa Laxton, nyumba za wakulima zimepangana kando ya barabara ya kijiji, mlango kwa mlango, na mashamba yako nje ya makazi. Mkulima hutoka kijijini kwenda shambani asubuhi na kurudi kijijini jioni.

Sababu ya mpangilio huo ni mashamba yenyewe. Yapo matatu makubwa: South Field, Mill Field na West Field. Hayana ua wala uzio ndani yake. Kila moja limegawanywa katika ngwe ndefu, na kila mkulima ana ngwe kadhaa katika kila shamba, zikiwa zimechanganyika na za jirani zake. Hakuna mwenye ardhi yote nzuri, na hakuna aliyeachiwa ardhi mbovu peke yake. Kilicho baina ya ngwe moja na nyingine ni mtaro tu wa plau.

Mzunguko wa kilimo ni wa miaka mitatu. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi. La pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua, kama shayiri. La tatu, ambalo zamani lilipumzishwa kabisa, siku hizi huota majani ya kulisha mifugo. Mwaka ukigeuka, mashamba hubadilishana zamu. Mtu mmoja hawezi kuamua kupanda ngano mahali ambapo wenzake wamelaza ardhi.

Katika mabonde madogo ndani ya mashamba hayo zimo sehemu zisizolimika, ambazo wenyeji huziita sykes. Huachwa ziote nyasi, na kila majira ya joto nyasi hizo hupigwa mnada kwa watu wenye haki hiyo kijijini. Hata nyasi, basi, zina sheria yake.

Ardhi ya mwinyi

Maandishi ya zamani kuhusu Laxton yamo katika Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086. Miaka 20 kabla yake, William, mtawala wa Normandy, alikuwa ameivamia Uingereza na kuiteka. Kitabu hicho kilikuwa hesabu ya mali ya nchi nzima, ili mfalme mpya ajue kila kijiji kina nini na kinaweza kutoa nini. Laxton imeandikwa humo kwa jina la Laxintune. Kabla ya uvamizi bwana wake alikuwa mtu aliyeitwa Tochi. Baada ya uvamizi ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa Geoffrey Alselin, mmoja wa watu wa mfalme.

Kaskazini mwa kijiji bado kinaonekana kilima kikubwa kilichojengwa kwa udongo na mikono ya watu, pamoja na mahandaki yaliyokizunguka. Hayo ni mabaki ya ngome ya Wanormandi. Kwa muda fulani wa zama za kati, mabwana wa Laxton walikuwa walinzi wa msitu wa kifalme wa Sherwood, ambao wengi wanaujua kwa hadithi za Robin Hood. Katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli zimo sanamu za jamaa wa ukoo wa Everingham, waliokuwa mabwana wa kijiji hicho. Mojawapo ni ya mwanamke, na imechongwa kwa mti wa mwaloni.

Chini ya umwinyi huo mkulima hakuwa na ardhi yake. Alilima kwa ruhusa ya bwana, naye alilipa kwa kazi, kwa mazao na baadaye kwa fedha. Lakini bwana hakuweza kusimama shambani kila siku kuangalia nani amesogeza mpaka, nani ameachia ng'ombe wake waingie katika shayiri ya mwenziwe, au nani hakuzibua mtaro wa maji. Kazi hiyo iliachiwa baraza la kijiji, lililoketi kwa jina la bwana, likiongozwa na msimamizi wake. Waliojua ukweli wa mambo na kuutamka, hata hivyo, walikuwa wakulima wenyewe.

Baraza la aina hiyo huitwa Court Leet. Katika zama za kati lilishughulikia pia makosa madogo madogo: ugomvi, mizani isiyo sahihi, pombe iliyouzwa kinyume cha kanuni. Kadiri mahakama za taifa zilivyopata nguvu, mambo hayo yaliondolewa mikononi mwake moja baada ya jingine. Huko Laxton lilibakiwa na jambo moja ambalo hakuna hakimu wa mjini angeliweza kulifanya vizuri zaidi, nalo ni ardhi.

Ramani ya mwaka 1635

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Laxton inajulikana mno na wanahistoria kwa sababu daftari lake lipo.

Katika miaka ya 1620 ardhi ya kijiji hicho iliingia mikononi mwa Sir William Courten, mfanyabiashara tajiri wa London ambaye wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Flanders. Courten hakuwa mtu wa mashambani. Fedha zake zilitoka kwenye biashara ya nguo na ya baharini, naye ndiye aliyegharimia safari ya walowezi wa kwanza wa Kiingereza kwenye kisiwa cha Barbados mwaka 1627. Meli zilizotumwa na kampuni iliyochukua jina la ukoo wake zilifika pia Bahari ya Hindi, na katika miaka ya 1640 kampuni hiyo ilijaribu, bila mafanikio, kuanzisha makazi kwenye ghuba ya St Augustine huko Madagascar.

Mtu wa namna hiyo alitaka kujua amenunua nini. Mwaka 1635 mpimaji aliyeitwa Mark Pierce alimtengenezea orodha na ramani ya Laxton yote: kila nyumba, kila njia, kila ngwe na jina la aliyeilima. Juu ya ramani hiyo vimechorwa vijipicha vya watu wakilima kwa plau, wakivuna na wakiwinda. Leo ramani hiyo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford. Courten mwenyewe alifariki mwaka 1636, madeni yakiwa yamemlemea, na baadaye Laxton iliangukia kwa ukoo wa Pierrepont, ambao wakuu wake walipata vyeo vya Earl na Duke wa Kingston, na kuanzia mwaka 1806, Earl Manvers.

Mtu akiishika nakala ya ramani hiyo na kutembea nayo leo katika West Field, ataona kwamba mistari mingi mikubwa haijahama. Njia ziko palepale. Mabonde ya nyasi yako palepale. Ngwe zenyewe ni chache na pana zaidi kuliko zile alizozipima Pierce, lakini zimelala katika mashamba yaleyale.

Nyua zilizoimeza nchi

Kwa nini Laxton ilinusurika? Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza kueleza yaliyovipata vijiji vingine.

Kuanzia mwisho wa zama za kati, na kwa kasi kubwa zaidi baada ya mwaka 1750, wenye ardhi wa Kiingereza walianza kuyavunja mashamba ya wazi. Ngwe zilizotawanyika zilikusanywa zikawa mashamba mazima, kila moja likazungushiwa ua na kupewa mwenyewe mmoja. Malisho ya pamoja yalikatwa vipande. Palipokosekana makubaliano ya hiari, wenye ardhi waliliendea Bunge. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zilizohusu kama ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano ya eneo lote la England.

Waliotetea hatua hiyo walisema kwamba ardhi ya pamoja ni ardhi ya hasara, kwamba mkulima hodari hufungwa kamba na jirani mvivu. Ni kweli kwamba katika sehemu nyingi mavuno yaliongezeka na kodi za wenye ardhi zikapanda. Lakini mtu maskini aliyekuwa na kijumba, ng'ombe mmoja na haki ya kuokota kuni, alijikuta hana kitu. Wengi wakawa vibarua, na wengine wakaelekea mijini, ambako viwanda vilikuwa vinafunguliwa.

Laxton nayo iliguswa. Sehemu za ardhi yake zilizungushiwa ua katika karne ya 18, kidogo kidogo, bila sheria ya Bunge. Lakini mashamba makubwa yalibaki wazi. Ardhi ya kijiji haikuwa ya mtu mmoja. Ukoo wa Pierrepont ulikuwa na sehemu kubwa, Earl wa Scarbrough alikuwa na sehemu yake, na wapo wadogo waliomiliki vipande vyao. Ili kuzungusha ua ilibidi watu hao wabadilishane ardhi na kugawana gharama, na mwafaka ulikuwa mgumu kupatikana. Miaka ilipita. Katika miaka ya 1870 bei ya nafaka ilianza kuanguka kwa sababu ya ngano ya bei nafuu kutoka Amerika, na tangu hapo haikuwa na maana kubwa kutumia fedha nyingi kwa kazi hiyo.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Huko Laxton tembo walivutana, na kwa mara moja nyasi zikapona.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Earl Manvers wa wakati huo alichagua njia ya katikati. Badala ya kuyavunja mashamba, alizipanga upya ngwe ili ziwe chache na kubwa zaidi, mkulima asipoteze siku nzima akikokota plau kutoka kipande hadi kipande. Utaratibu ulibaki, na baraza likabaki nao.

Jinsi baraza linavyofanya kazi

Baraza huketi mara moja kwa mwaka, wiki moja baada ya ukaguzi, katika baa ya kijiji iitwayo Dovecote Inn. Msimamizi, ambaye huwakilisha mwenye ardhi, hufungua kikao. Majina huitwa. Asiyefika bila udhuru hulipa faini ndogo. Kisha wale waliokagua shamba huapa na kutoa taarifa yao.

Ukaguzi wenyewe hufanywa na jopo ambalo kwa desturi huwa la watu 12, wenye kiongozi wao. Hutembea shamba lote lililopandwa ngano mwaka ule. Panapokuwa na shaka juu ya mpaka, hupima, hukubaliana na kupigilia kigingi. Huangalia kama mtu amelima akaingia katika njia ya wote, kama ameila sehemu ya nyasi, kama mitaro imezibuliwa. Mashamba mawili yaliyobaki husubiri zamu yao, na kwa hiyo kila shamba hukaguliwa mara moja katika miaka mitatu.

Faini si kubwa, na hakuna mkulima atakayefilisika kwa ajili yake. Uzito wake ni kwamba hutamkwa hadharani, mbele ya watu ambao mkosaji atakutana nao kesho yake barabarani. Kikao kinapomalizika, huteuliwa jopo jipya kwa ajili ya shamba la mwaka unaofuata.

Mwaka 1968 mwanasayansi wa Kimarekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyopata umaarufu mkubwa, akidai kwamba mali ya wote haiwezi kudumu, kwa kuwa kila mmoja atachota kadiri awezavyo mpaka iishe. Mchumi Elinor Ostrom, naye wa Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Alichunguza misitu, maji na malisho katika nchi mbalimbali, akakuta kwamba mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wanapotunga kanuni zao, wanapokaguana wenyewe, na wanapotoa adhabu ndogo kwanza kabla ya kubwa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Wakulima wa Laxton walikuwa wakiyafanya hayo karne nyingi kabla yake.

Kanisa, halmashauri na serikali

Lakini baraza la ardhi lilikuwa upande mmoja tu wa utawala wa kijiji. Upande wa pili ulikuwa wa kanisa.

Kwa muda wa karne tatu hivi, parokia ndiyo iliyokuwa serikali ya kila siku ya Mwingereza wa mashambani. Sheria ya mwaka 1601 iliipa kila parokia wajibu wa kuwatunza maskini wake na kutoza kodi kwa ajili hiyo. Wakuu wa kaya walikutana kanisani, wakachagua wasimamizi wa maskini, wa barabara na wa usalama. Hawakulipwa mshahara. Ulikuwa wajibu wa zamu, kama ule wa kukagua ngwe.

Utaratibu huo ulikuwa na sura mbili. Mjane alijulikana kwa jina, na njaa yake ilionekana. Lakini pia maskini mgeni aliweza kufukuzwa na kurudishwa alikozaliwa, ili asiwe mzigo wa wenyeji. Mwaka 1834 Bunge liliziunganisha parokia katika makundi makubwa na kuamuru maskini wapelekwe katika nyumba za kazi. Mojawapo ya nyumba zilizotumiwa kama mfano wa sheria hiyo ilikuwa imejengwa mwaka 1824 huko Southwell, katika kaunti hiyohiyo ya Nottinghamshire, na jengo lake lipo hadi leo.

Mwaka 1894 mambo ya utawala yaliondolewa kanisani. Sheria mpya ilianzisha mabaraza ya parokia yaliyochaguliwa kwa kura, na ikawaruhusu wanawake, walioolewa na wasioolewa, kupiga kura na kuchaguliwa katika mabaraza hayo, robo karne kabla ya mwanamke wa Kiingereza kumchagua mbunge. Vijiji vidogo mno visivyoweza kuwa na baraza viliwekewa mkutano wa wapiga kura wote.

Mpangilio huo, uliorekebishwa mwaka 1974, ndio unaoendelea. Laxton and Moorhouse ina baraza lake la parokia. Hulinda njia za miguu, hutoa maoni juu ya maombi ya ujenzi, na huweza kutoza kiasi kidogo cha kodi. Juu yake ipo halmashauri ya wilaya, inayozoa taka na kuamua nani ajenge wapi. Juu ya hiyo ipo halmashauri ya kaunti, yenye barabara na shule. Juu ya zote ipo serikali mjini London.

Mkazi wa Laxton ana ngazi hizo zote, na zaidi ya hizo ana baraza linaloketi baa. Ngazi za juu zina fedha na wataalamu. Ile ya chini kabisa ina watu wanaojua kila mpaka kwa miguu yao.

Mwaka 1952, huku na kule

Mwaka 1938 mtaalamu wa uchumi wa kilimo wa Oxford, C. S. Orwin, pamoja na mkewe Christabel, walichapisha kitabu juu ya mashamba ya wazi, na Laxton ilikuwa kiini chake. Tangu hapo kijiji hicho hakikuwa tena jambo la wenyeji peke yao. Earl Manvers wa sita, aliyekuwa wa mwisho kubeba cheo hicho, alitaka mashamba yasalimike baada yake. Mwaka 1952 aliiuzia ardhi hiyo Wizara ya Kilimo, ambayo ilikubali kuuhifadhi utaratibu wa ngwe. Miaka mitatu baadaye alifariki, na cheo chake kikafa naye.

Hapa historia ina kejeli yake. Katika miaka ileile, chini ya serikali ileile, ardhi ya Kenya ilikuwa inatazamwa kwa jicho tofauti kabisa. Mwaka 1954 ulitolewa mpango uliopewa jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton. Ulieleza kwamba vipande vya ardhi vilivyotawanyika ni kizuizi cha maendeleo, na kwamba ni lazima viunganishwe, vipimwe na kila mtu apewe hati yake. Kazi hiyo ilifanywa Kenya ya kati wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, huku maelfu ya watu wakiwa vizuizini, wasiweze kusimama kwenye mipaka yao kusema hiki ni changu. Wapo walioporwa ardhi kwa njia hiyo.

Mambo hayo mawili yaliamuliwa katika ofisi tofauti, na watetezi wa kila moja walikuwa na hoja zao. Lakini ukiyaweka pamoja yanaonyesha jambo moja: kilichohifadhiwa Nottinghamshire kama urithi, huko Nyeri na Kiambu kilivunjwa kama ukale. Na katika sehemu zote mbili neno la mwisho halikuwa la mkulima.

Mwenye shamba ni nani?

Mwaka 1977 Bunge liliamua kusafisha mabaki ya mahakama za kale. Mabaraza mengi ya aina ya Court Leet yaliruhusiwa kuendelea na sherehe zao, lakini yalinyang'anywa uwezo wa kusikiliza mashauri. Lile la Laxton lilikuwa miongoni mwa machache mno yaliyoachiwa uwezo huo. Mpaka leo, faini inayotozwa katika Dovecote Inn si mchezo wa kuwafurahisha watalii.

Lakini baraza linalotawala ngwe halijapata kamwe kuimiliki ardhi yenyewe. Wakulima wengi wa Laxton ni wapangaji, na mara tatu katika miaka 70 waliona kijiji chao kikibadilisha mikono. Baada ya ununuzi wa mwaka 1952, serikali iliamua kujiondoa, na mwaka 1981 ardhi ikahamishiwa Crown Estate, taasisi inayosimamia mali ya ufalme. Mwaka 2018 taasisi hiyo nayo ilitangaza kwamba inauza. Wenyeji na wanahistoria waliingiwa na wasiwasi, kwani mnunuzi asiyejali angeweza kuuacha utaratibu wote ufe polepole, bila kuvunja hata kigingi kimoja: asimpangishe mtu ngwe mkulima wake anapostaafu, na basi.

Mwaka 2020 ardhi ilinunuliwa na Thoresby Estate, mali ya wazawa wa ukoo uleule wa Pierrepont uliokuwa nayo tangu karne ya 17. Ilikuwa imezunguka miaka 68 na kurudi mlango iliotokea.

Hofu haikuisha kwa ununuzi huo. Mashine za kilimo za leo ni pana na zinahitaji nafasi ya kugeukia. Shamba dogo lenye ngwe zilizotawanyika haliwezi kushindana kwa faida na shamba moja la mamia ya ekari. Watoto wa wakulima, kama vijana wa vijijini popote duniani, hupima maisha ya tope na ya mjini. Utaratibu wa Laxton unahitaji sheria na mwenye ardhi mwenye nia njema, lakini kabla ya hayo unahitaji wakulima wa kutosha kulijaza jopo. Bila watu wa kukagua na kukaguliwa, hakuna baraza.

Kwa sasa wapo. Novemba ikifika watatoka tena na vigingi vyao, watalizunguka shamba la zamu, watabishana juu ya mtaro mmoja wenye upana wa plau, na watakubaliana kabla ya giza kuingia. Kisha wote, aliyekosa na asiyekosa, watakwenda kula pamoja.